Heri, nilikuandika Jiwe

Heri kaka, mambo vipi,

Najua nimekaa kimya sana, usininunie. Ile voisi noti yako niliisikiliza mara mbili, ile uliyoniuliza kwa nini najitesa na vidoti vya Braille, haya maandishi ya wasioona ya kupapasa kwa kidole, wakati simu inanisomea kila kitu, na sikukujibu palepale kwa sababu ningekujibu vibaya bana. Saivi hasira zimeisha, kaa nikwambie.

Wiki ya tatu ya mafunzo mwalimu akasema kila mtu aandike jina la rafiki yake. Mi nikaandika la kwako, herufi nne tu, nikaona rahisi. Tunaandikia kwenye kibao cha chuma chenye bapa mbili zilizoshikana kwa bawaba, karatasi unaibana katikati, bapa ya juu ina vidirisha vya kupapasa na ya chini ina vishimo sita sita. Unashika kalamu yake, kasindano butu kenye kishikio cha mviringo kanachokaa kwenye kiganja, unadidimiza tap tap tap. Sasa kimbembe ni kwamba unadidimiza kwa nyuma alafu nundu inatokea upande wa pili wa karatasi, kwaiyo unaanza kulia unakwenda kushoto, na kila herufi unaiandika imegeuka kama kwenye kioo, ukimaliza unapindua karatasi ndo unasoma kawaida kushoto kwenda kulia.

Mi nikakumbuka kuanza kulia. Kugeuza herufi zenyewe nikasahau.

Mwalimu, ambaye naye haoni, akapitisha kidole, akatulia, akasema, "Rafiki yako anaitwa Jiwe?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikabisha, nikapapasa mwenyewe, kweli bana, jiwe! Sikia ilivyokuwa. Kila herufi ina nafasi sita, kushoto toka juu ni moja mbili tatu, kulia ni nne tano sita. H ni moja mbili tano, ukiigeuza inakuwa mbili nne tano, hiyo ni J. E ni moja na tano, ukigeuza unapata mbili na nne, hiyo I. R ikigeuka ni W. Na ile I ya mwisho ikigeuka inarudi kuwa E. Yani jina lako lote likageuka neno lingine kamili la Kiswahili, hata mtu angepanga asingeweza. Chora kwenye karatasi uone kama nakudanganya.

Basi wenzangu wanacheka na mi nacheka, ila moyoni nilikuwa na kitu kingine. Toka hii presha ya macho inimalize kabisa hiyo ndo ilikuwa mara ya kwanza nimekosea herufi. Nimeongea na simu miaka miwili, naongea yenyewe inaandika, inanisomea nasikiliza, na katika muda wote huo sijawahi kukutana na neno likiwa limesimama. Sauti inapita tu. Hata kusoma kwenyewe inasoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana, jina lako inalitamka mpaka nacheka, na nikitaka kujua mtu kaandika ng'ombe na kile kialama chake au kasahau inabidi niiambie isome herufi moja moja kama mtoto wa chekechea. Kwenye karatasi nasimama pale ninapotaka, narudi nyuma, kidole kinapita na kurudi juu ya herufi mpaka niridhike. Na nasoma kimya Heri! Hujui raha ya kusoma ujumbe wa mtu bila chumba kizima kuusikia, wala kuvaa spika za masikioni alafu ukapitwa na anayekuita. Saa nane za usiku, taa imezimwa, mikono iko ndani ya blanketi, nasoma. We hiyo huwezi.

Kidole kilinitesa lakini, sikufichi. Mwanzoni nilikuwa nakandamiza nikidhani ndo ntasikia zaidi, kumbe ukikandamiza ncha ya kidole inakufa ganzi na nundu zote zinakuwa uvimbe mmoja. Unatakiwa upitishe kama unafuta vumbi kwenye kioo cha saa, kidole kinatembea, kikisimama hakisikii kitu. Nundu moja kimo chake ni kama nusu milimita na toka nundu mpaka nundu ni milimita mbili na nusu hivi, herufi nzima inaenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Hapo ndo pana akili yote ya huu mfumo.

Kwa sababu kabla yake watu walijaribu. Valentin Haüy alifungua shule ya wasioona pale Paris miaka ya 1780, vitabu vyake vilikuwa na herufi hizihizi za kawaida zimeinuliwa kwenye karatasi, vitabu vikubwa vizito, unafuata mkunjo wa herufi kwa kidole mpaka ukifika mwisho wa neno umesahau mwanzo. Na kuandika mwenyewe ndo kabisa, nani ataandika hivo? Alafu akaja Charles Barbier, aliyewahi kuwa mwanajeshi, na nukta zake kumi na mbili kwa kila alama, nguzo mbili za nukta sita sita, zinaandika sauti, siyo herufi. Wazo la nukta zuri sana ila alama ni ndefu, kidole kinabidi kipande na kushuka, na huwezi kuonyesha tahajia wala mkato. Louis Braille alikuwa mwanafunzi kwenye hiyo shule, akazikata zikawa sita, na kufika 1824 alipokuwa na miaka 15 kazi kubwa ilikuwa imeisha, kitabu akakitoa 1829. Ile habari ya msharasi wa baba yake, chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, uliomtoboa jicho akiwa na miaka mitatu watu wanaipenda sana kuisimulia, mi inanichosha, mtu kafanya kazi ya akili miaka mizima we unamkumbuka kwa ajali.

Kinachoniuma ni kwamba kuna kipindi mkurugenzi wa shule hiyohiyo aliupiga marufuku huu mfumo wa Braille, wanafunzi wakawa wanauandika kwa siri. Wenye macho hawakuutaka kwa sababu haufanani na herufi wanazozijua wao. Ufaransa iliukubali rasmi 1854, Braille kafa 1852. Sasa we na voisi noti yako kaka, bila kukusudia, umeongea kama yule mkurugenzi. Nakutania. Nusu nakutania.

Na sijasema simu niitupe. Kuna mashine ina mstari mmoja wa nundu zinazopanda na kushuka zenyewe, unaiunganisha na simu, kila kilichoko kwenye skrini kinakuja chini ya vidole, bei yake ndo acha tu. Kuna jamaa darasani umri umeenda kidogo, vidole vyake vya kazi ngumu vimekomaa, nukta hazimwingii kabisa, nikamwambia ajaribu Moon, maandishi mengine ya kupapasa, ya yule Mwingereza asiyeona, William Moon, ya mwaka 1845, mistari minene inayofanana fanana na herufi tulizozisoma utotoni. Hataki. Anasema anataka ya vijana.

Kwenye bahasha nimeweka na karatasi ngumu, ndo jibu lako hasa, nimeiandika kwa mkono wangu na mara hii nimegeuza kila herufi. Funga macho, anza juu kushoto, neno la kwanza ni jina lako, ukikuta nyingine yoyote niambie. Usiikunje na usiweke kitu kizito juu yake, nundu zikilala haitasomeka tena.

Wako,
yule anayekuita Jiwe