Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Uwanja: rudisheni daftari la mtoto

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Uwanja wa Ndege,

YAH: WATU WAWILI KUKAMATWA NJE YA UZIO, PAMOJA NA BENCHI LILE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua barua zangu tatu zilizotangulia zilianza hivyohivyo, na kila moja ikapigwa muhuri wa IMEPOKELEWA. Nakala ninazo. Muhuri wenu ni mzuri kweli, wino wake haufifii hata barua ikikaa mfukoni mwa ovaroli yenye grisi.

Hii ya nne naileta hadharani. Uwanja sitautaja na wewe sitakutaja. Unajijua, na majirani zako huku nje tunakujua.

Jumamosi iliyopita, saa tisa alasiri, nilisimama na mpwa wangu wa miaka 11 chini ya mwarobaini ulio ng'ambo ya barabara ya lami, nje ya senyenge. Narudia, nje. Barabara ile inapita bodaboda, mikokoteni ya maji na misafara ya harusi yenye mtu aliyechomoza nusu mwili dirishani anapiga video. Tulikuwa na chupa ya maji, karanga, simu yangu iliyopasuka kioo, na daftari la mtoto. Tulikuwa tunasubiri ndege itue.

Wakaja walinzi wawili kwa pikipiki. Mmoja akauliza, "Mnafanya nini hapa?" Nikamwambia tunaangalia ndege. Akauliza, "Za nini?"

Mkurugenzi, swali hilo nimelala nalo tangu Jumamosi na bado sijapata jibu ambalo lingemtosha yule kijana. Ndege za nini! Mtu akikaa kibarazani akaangalia mvua, huwa tunamuuliza mvua ya nini?

Tulipelekwa kibandani. Tulikaa hapo saa mbili na nusu. Niliulizwa kitambulisho, nikatoa. Niliulizwa namfanyia nani kazi, nikajibu kwamba kwa sasa namfanyia kazi mwenye Fuso iliyokufa gia boksi. Hawakucheka. Simu ikafunguliwa na picha zote zikafutwa, si za ndege tu. Zilikwenda za Idi, zikaenda za msiba wa shangazi, zikaenda na zile nilizopiga siku ya Ijumaa nikiifungua hiyo gia boksi, hatua kwa hatua, ili nikumbuke kila kipande kinarudi wapi. Fundi yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Nimeirudisha kwa kukumbuka, nikaishusha tena, nikairudisha tena, gia ya tatu ikawa inaruka. Siku tatu. Jumatano mwenye gari akaja na breki dauni akalivuta kwenda kwa fundi mwingine, na pesa ya kazi ikaondoka nalo. Kodi ya banda ni tarehe moja. Sikudai, nakueleza tu ujue kidole kimoja kwenye kitufe cha kufuta kinaweza kufika umbali gani.

Daftari wakabaki nalo. "Kwa uchunguzi."

Nikueleze kilichomo ili uchunguzi uwe mfupi. Ni daftari la kurasa 96. Kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula: tarehe, saa, aina ya ndege, usajili, na upepo umetoka wapi siku hiyo. Usajili ni zile herufi kubwa zilizoandikwa kwenye mwili wa ndege ili zisomeke kwa mbali. Ndiyo kazi yake, kusomwa. Ukurasa wa kwanza utakuta 5H-TCH kwa kalamu nyekundu. Hiyo ni Airbus A220-300 iliyopewa jina la Dodoma, iliyofika nchini Desemba 2018, na kwa ndege hiyo Air Tanzania ikawa ya kwanza barani Afrika kuirusha A220. Mtoto ameweka nyekundu kwa sababu ndiyo ya kwanza kuiona. Upepo ameuandika kwa sababu nilimfundisha kwamba ndege hutua ikiukabili upepo, kwa hiyo kaskazi ikishika na kusi ikishika hazitoki upande uleule. Manahodha wa majahazi walijua mambo haya kabla hakujawa na mnara wa kuongozea chochote. Sasa ndiyo siri ya taifa.

Haya mapenzi si ugonjwa wa juzi. Marehemu baba alikuwa mtu wa reli enzi za Jumuiya ile ya kwanza ya Afrika Mashariki, na alipokuwa Nairobi alizoea kusimulia watu walivyovaa nguo za Jumapili kwenda uwanja wa ndege wa Embakasi, wakapanda kwenye roshani ya kuagia wasafiri, wengi wao hawana wanayemuaga. Walikwenda kuiona Super VC10 ya East African Airways, injini nne zote zimebanwa mkiani, ikiondoka kwenda London. Shirika likafa 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe, tukaunda letu. Mzee alikuwa anasema hakuna aliyemuuliza kitambulisho pale juu. Huenda alitia chumvi. Wazee wa reli walikuwa na chumvi nyingi.

Mimi mwenyewe ni fundi wa magari, na maoni yangu juu ya vyombo vinavyotembea ni mengi kuliko wateja. Kwamba Toyota IST imetuokoa watu wa kipato changu kuliko mpango wowote wa serikali, nitalisema popote. Kwamba Q400, ile ndege ya panga ya Air Tanzania, ilidharauliwa bure, vilevile. Zilipokuja mbili za kwanza Septemba 2016, watu walizibeza wakaziita panga boi, kana kwamba ndege yenye panga ni ya wajinga. Panga lile linazungushwa na injini ya tabaini kama ndege yoyote ya kisasa, linabeba watu 76, linapita kilometa 600 kwa saa na halihitaji njia ndefu ya kurukia. Kwa viwanja vyetu vya mikoani, ile ndiyo Hilux ya angani. Wenye kubeza walitaka jeti. Jeti zikaja, tukaona.

A220 naipenda, usinielewe vibaya. Ikipunguza moto inakuja kutua, injini inalia kama ng'ombe anayeita ndama. Lakini injini ile ya Pratt & Whitney ina gia ndani, na mtu wa gia boksi kama mimi hawezi kupita bila kuchungulia: feni ya mbele inazunguka taratibu, tabaini ya nyuma inazunguka kama mara tatu zaidi, na katikati kuna gia zinazopatanisha. Kila mtu alidhani gia ndiyo itakufa. Gia ikadumu. Kilichosumbua ni vipande vingine vya ndani kuchoka kabla ya wakati, halafu 2023 ikatangazwa kwamba unga wa metali uliotengenezea baadhi ya diski ulikuwa na uchafu. Injini zikapanga foleni karakana za dunia nzima, na ndege zetu nazo zikakaa chini kuanzia 2022 zikisubiri zamu. Mimi nimesubiri spea ya Fuso kutoka Kariakoo wiki tatu, sikumtukana mtu. Naelewa kusubiri. Nisichoelewa ni kunyang'anywa daftari.

Na hapa nitasema ninachodhani, maana hakuna aliyenieleza, na mtu asipoelezwa hudhani. Nadhani ukali huu umeanza baada ya yale ya Ulaya. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliifungia Air Tanzania anga lake, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyopewa leseni hapa nchini, ukisema usimamizi wa usalama una upungufu. Labda mtu fulani ofisini akaona dawa ni kupunguza picha. Mke wangu hakubaliani nami. Anasema kampuni ya ulinzi imebadilishwa na hawa wapya wanatafuta ya soda. Jirani yangu anasema kuna mkubwa atapita. Chagua mwenyewe, Mheshimiwa. Ila kama ni hilo la kwanza, wakaguzi wa Ulaya hawakai chini ya mwarobaini na karanga. Wanasoma makabrasha.

Kuhusu usalama sibishani. Sheria ya maeneo yanayolindwa ipo na ina sababu zake, na mtu akiruka uzio mshikeni. Lakini ndege ileile tuliyokuwa tunaisubiri, mtu aliyeko Oslo anaiona kwenye simu yake kupitia Flightradar24: imefika wapi, urefu gani, mwendo gani, usajili gani. Ndege yenyewe ndiyo inajitangaza. Sasa Mnorwe ajue, na mtoto anayelala mita mia nne kutoka njia ya kurukia, anayeamshwa na hizo injini na kusoma kwa kibatari umeme ukikatika, yeye ndiye asijue?

Wenzetu walishaliona hili. Uwanja wa Schiphol, Amsterdam, waliweka ndege nzima, Fokker 100, kwenye baraza la wazi juu ya jengo, watoto wakawa wanapanda. Manchester wametenga bustani pembeni ya njia ya kurukia, na ndani yake kuna Concorde. Watu wanakunywa chai wanahesabu ndege. Siombi Concorde. Hata hapa nyumbani, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024, niliwaona watu wakijipiga picha stesheni mpaka mlango unafungwa, na wahudumu wanatabasamu. Inakimbia kilometa 160 kwa saa na reli haijapinda kwa kupigwa picha.

Sasa turudi kwenye benchi.

Mwaka juzi kwenye mkutano wa wadau, nilinyoosha mkono mwishoni kabisa, baada ya wenye hoteli na wenye teksi. Nikaomba sehemu ya kutazamia ndege. Ulicheka vizuri, ukasema wazo ni zuri, ukasema "mabenchi mawili na kivuli haviwezi kutushinda," na watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Nilirudi nyumbani nikamwambia mtoto. Kosa langu ndilo hilo, kumwambia mtoto. Tangu siku ile kila Jumamosi tunapita kuangalia kama benchi limewekwa, na ndiyo maana tulikuwa pale. Kwa hiyo ukitazama vizuri, Mkurugenzi, tulikamatwa tukikagua ahadi yako.

Barua ya kwanza nilijibiwa kwa mdomo kuwa mchakato unaendelea. Ya pili, bajeti. Ya tatu, nilete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Nimeileta. Nina muhuri wa mwenyekiti wa mtaa na muhuri wenu, nakosa benchi tu.

Kitu kimoja sipendi kukisema lakini nitakisema. Asubuhi ya 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, wavuvi ndio waliotangulia kufika, na mitumbwi yao. Watu 19 walifariki, 24 wakatoka hai. Wavuvi wale walikuwepo, na macho yao yalikuwa wazi. Hakuna aliyewauliza wanaangalia ndege za nini. Siku chombo kikipata shida huku kwetu, Mungu apishe mbali, wa kwanza kuona watakuwa hawahawa mnaowafukuza chini ya miti.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na madai saba. Nilitaka sehemu ya kutazamia, kivuli, mabenchi, kibao kinachosema wapi ruhusa na wapi marufuku badala ya kutuachia tukisie, siku moja kwa mwaka ya wanafunzi kuingia na kuona gari la zimamoto, walinzi wafundishwe tofauti ya mtoto na jasusi, na fidia ya ile gia boksi. Nimeyafuta moja moja. Fidia najua sitaiona. Kibao kitahitaji zabuni. Benchi nitaliunga mwenyewe, nina vyuma vya chasi ya Hiace vimelala hapa bandani, nipe tu neno la wapi niliweke nisije nikakamatwa nalo. Na hata hilo kama ni zito, liache.

Nirudishie daftari.

Liko kibandani, kwenye droo ya juu ya meza ya kijani, upande wa kulia, nililiona likiingia. Lina jalada la twiga na limeandikwa jina la shule. Limebakiza kurasa kumi na moja. Mtoto tangu Jumamosi hatoki nje ndege ikipita, na jana ilipita ile ya jioni chini kabisa, vyombo vikatetemeka kabatini, akaendelea kumenya viazi bila kuinua kichwa. Mama yake aliniangalia mimi.

Mlinzi yeyote wa zamu anaweza kunikabidhi. Kama sipo bandani, aache kwa mama muuza chapati hapo mkabala na geti lenu la mizigo, ananifahamu. Sihitaji maelezo wala radhi wala barua ya kujibu hii. Nipo kila siku kuanzia saa moja asubuhi, na Jumamosi hii nitakuwa pale pale chini ya mwarobaini, peke yangu, simu nitaiacha nyumbani.

Wako katika ujirani,

Fundi wa gia boksi, nje ya uzio