Malalamiko kuhusu kifurushi cha “bila kikomo” chenye kikomo

Tabata Kimanga,
Dar es Salaam.
27 Agosti 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPUNGUZIWA KASI YA INTANETI NA KUDHALILISHWA MBELE YA WATU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini u mzima na kazi zinakwenda. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechafuka tangu Ijumaa. Nitajitahidi kuandika kwa heshima. Hii ni barua ya tatu. Mbili za mwanzo nimezichana kwa sababu hazikuwa za kutumwa kwa mtu mwenye wazazi.

Masharti ya kifurushi changu cha “bila kikomo” mnayo nyinyi na namba ya akaunti nimeiandika nyuma ya bahasha, kwa hiyo sitawaeleza mnachokijua. Niseme tu kwamba Jumatano tarehe 21 Agosti, siku ya 12 tangu nilipe Sh 120,000 zangu, intaneti ya Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde) iligeuka ya Mbps 1. Haikukatika. Ingekatika ningejua moja, ningefunga steshenari nikalala. Ilibaki inapumua tu, kama mgonjwa ambaye ndugu hawajui waite daktari au waite shehe.

Ombi langu ni moja: rudisheni spidi niliyolipia, na siku zilizopotea mnifidie. Mngefanya hivyo Jumatano ile ile nilipopiga simu, tungekuwa tumeshasahauliana.

Badala yake niliambiwa nifike dukani. Ijumaa tarehe 23 nikafika. Nikachukua namba, nikakaa, nikasubiri saa moja na nusu. Kijana wa dirisha la tatu akaniuliza namba ya akaunti, akabonyeza, akakigeuza kioo cha kompyuta kikatazama watu waliokaa, akasema kwa sauti: “Duh! Mzee, GB 300 siku kumi na moja? Usiku huwa unaangalia nini?” Watu wakacheka. Mimi nikachukua karatasi zangu nikatoka.

Hilo nitalirudia, maana halijaniisha.

Nimeambiwa kuna “sera ya matumizi ya haki”. Haki ya nani? Kijana alinieleza kwamba bila kikomo maana yake hukatiwi, ila ukifika GB 300 unapunguziwa “kidogo” ili wengine nao wapate. Kutoka 20 kwenda 1 ndiyo kidogo? Nikiwa na magunia ishirini ya mchele, ukaniachia moja, umenipunguzia kidogo?

Mimi nafanya kazi ya kuhesabu karatasi, kwa hiyo nikakaa na kikokotoo. Mbps 20 ni megabaiti 2.5 kila sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti nane, na hilo mnalijua kuliko mimi. Kwa mwendo huo GB 300 zinaisha ndani ya sekunde 120,000. Hizo ni saa 33 na dakika 20. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Kwa maneno mengine, nikiitumia spidi ile ile mliyoitangaza, mfululizo, nitafika kwenye kikomo cha bila kikomo kesho yake jioni. Na angalia jinsi hesabu ilivyokaa: Sh 120,000 kwa sekunde 120,000. Mmeniuzia shilingi moja kwa sekunde, halafu kwenye risiti mkaandika “mwezi mmoja”.

Bango lenu lipo pale njia panda ya kuelekea Segerea. Neno BILA KIKOMO limeandikwa kwa herufi ambazo mtu aliye juu ya daladala anazisoma bila miwani. Chini kabisa, karibu na nguzo, ndipo penye “vigezo na masharti kuzingatiwa”. Nilikwenda Jumapili nikasimama chini ya bango kutafuta GB 300. Hazipo hata kwenye hayo maandishi madogo. Zipo kwenye ukurasa wa tovuti yenu ambao, kwa spidi mliyoniachia, ulichukua muda kufunguka kiasi kwamba nilikwenda kuswali nikarudi.

Konda akiita “Kariakoo, Kariakoo!” akachukua nauli ya Kariakoo, halafu akawashusha watu Buguruni, hapa mjini tunasema amekatisha ruti, na LATRA, wasimamizi wa usafiri, wakimkamata analipa faini. Hajawahi konda yeyote kuniambia kwamba kwenda Kariakoo kuna sera ya matumizi ya haki.

Msiniletee habari ya kebo ya baharini. Jumapili ya tarehe 12 Mei kebo za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu huko kusini, nchi nzima iliona, na mimi ndiye niliyekuwa nawatetea nyinyi mbele ya wateja wangu: “Jamani, ni baharini huko, kampuni haina kosa.” Nililipa mwezi ule kamili, sikudai hata senti. Ya Julai je? Julai nilipopiga simu kulalamika kitu hiki hiki, dada aliyepokea (mpole kweli, sina neno naye) aliniambia nizime ruta, nisubiri sekunde thelathini, niwashe. Nikazima nikawasha siku tatu. Hakusema habari ya GB 300. Ama hakuijua, ama alikatazwa kuisema. Mimi nikanunua waya mpya wa Sh 15,000 nikidhani panya wamekula wa zamani. Panya nikawawekea na sumu. Nawaomba radhi wale panya.

Na wala si msongamano. Nimepima spidi saa tatu asubuhi: Mbps 0.98. Saa kumi jioni: 0.97. Nikaamka saa tisa usiku, mtaa mzima umelala, mbwa tu wanabweka: 0.98. Foleni ya Ubungo saa tisa usiku inakuwa imeisha, hata malori yanapita yanapiga mluzi. Spidi isiyobadilika usiku na mchana haijabanwa na watu, imefungwa na mtu. Jirani yangu, ambaye waya wake unatoka kwenye nguzo ile ile na kifurushi ni kile kile, usiku huo huo alipima akapata 19. Yeye alikuwa amelipia wiki iliyopita. Picha zote ninazo, zina tarehe na saa.

Sasa mjue siku hizo mbili, Jumatano na Alhamisi, zilikuwa siku gani. Steshenari yangu ipo barazani kwa nyumba yangu, kompyuta tatu, na kifurushi chenyewe mlikitangaza kuwa ni cha “nyumba na ofisi ndogo”, kwa hiyo msije mkaniambia nimevunja masharti. Mwezi wa nane kazi yangu ni watoto wa kidato cha sita wanaoomba mkopo wa elimu ya juu. Wanakuja na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa vizazi na vifo, wengine na cheti cha kifo cha mzazi, tunajaza, wanalipa ile 30,000 ya Bodi ya Mikopo, tunaprinti fomu, wanakwenda kusainiwa na kugongewa mhuri, wanarudi, tunaskani, tunapandisha. Kule kupandisha ndiko kunakomaliza kazi. Usipopandisha hujaomba, hata kama umegongewa mihuri mpaka karatasi ikachanika.

Alhamisi alikuja binti mmoja, yatima, na bibi yake. Walikuwa wameshahangaika na mhuri siku nne. Tulianza kupandisha saa nne asubuhi. Faili linafika nusu, mfumo unakutoa, unaanza upya. Nikafunga kompyuta nyingine mbili ili ile moja ipate hewa. Nikawafukuza wajukuu kwenye katuni zao. Saa saba bibi yule akaniuliza, “Mwanangu, au tuje kesho?” Nilishindwa kumjibu. Nikaweka faili kwenye flashi, nikawapakia kwenye bajaji, nikawapeleka kwa jamaa mwenye steshenari kule Barakuda, nikamlipa yeye. Dakika nne akawa amemaliza. Mimi nimemchukua mteja wangu kwa mkono wangu nikampeleka kwa mshindani wangu, nauli nimetoa mimi. Tangu Jumatatu naona wateja wa mtaa huu wanapita hapa barazani wananisalimia, “Shikamoo mzee,” wanaendelea na safari ya Barakuda.

Kwa hiyo Ijumaa nilipokuja kwenu nilikuwa mtu wa namna hiyo. Sikuja kupiga soga.

Narudia lile la dirisha la tatu, maana mwanzo nimelipitia kwa adabu mno. Kijana hakuniamkia. Nina miaka 61. Alikuwa anatafuna kitu. Alipoona akaunti yangu hakuniuliza tatizo langu, alicheka kwanza, akamwita mwenzake wa dirisha la pili: “Hebu njoo uone huyu.” Huyu! Ndipo akageuza kioo. Jina langu kamili lilikuwa pale juu, chini yake matumizi yangu ya kila siku, tarehe kwa tarehe, yametengwa ya mchana na ya usiku. “Duh! Mzee, GB 300 siku kumi na moja? Usiku huwa unaangalia nini?” Nilisema watu walicheka. Sikusema ni akina nani. Mlinzi wa mlangoni alicheka. Vijana wawili waliokuja kusajili laini walicheka. Na benchi la pili alikuwa amekaa mama ninayemfahamu, mwanawe nilimjazia fomu mwaka jana, tunasali naye Ijumaa msikiti mmoja. Yeye hakucheka. Aliangalia chini. Ningependelea angecheka.

Nilisema pia kwamba nilichukua karatasi zangu nikatoka. Si kweli kabisa. Nilimwambia kwanza: “Kijana, geuza hicho kioo.” Akanijibu: “Mzee usipaniki, tunataniana tu.” Watani zangu nawajua, wako Tanga, na hata wao hawanifanyii hivyo msibani sembuse dirishani.

Kama mnataka kujua usiku naangalia nini, nitawaambia, kwa kuwa mmeshauliza mbele ya kadamnasi. Usiku kompyuta tatu zinapakua masasisho, kwa sababu mchana nawaachia wateja spidi. Nilikuwa nafanya matumizi ya haki kabla hamjanifundisha.

Kuna kitu kinaitwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Imeanza kutumika Mei 2023 na ina Tume yake. Nilikuwa siijui mpaka Ijumaa usiku. Niliipakua kwa hiyo Mbps 1 yenu na nilisubiri kwa hamu kubwa. Taarifa za matumizi yangu si kioo cha televisheni ya kibandaumiza.

Kuhusu neno “bila kikomo”, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ina ofisi hapa hapa Dar es Salaam, ni safari ya daladala mbili tu, kama hazikukatisha ruti. Msidhani pia kwamba huu ni ugomvi wa mzee wa Tabata peke yake. Huko Marekani mwaka 2014 serikali iliishtaki AT&T kwa jambo la aina hii, kuwauzia watu data ya simu isiyo na kikomo kisha kuwabana, na mwaka 2019 wakakubali kutoa dola milioni 60. Kampuni ile ni kubwa kuliko yenu, na mawakili wake nadhani wanazidi wenu.

Mwanzo niliomba jambo moja. Nilikuwa bado sijafika kwenye habari ya dirisha la tatu. Sasa nadai hivi. Spidi irudi leo, si mwezi ujao. Fedha ya Agosti irudi yote, na ya Julai tangu siku mliyonibana. Kumbukumbu mnazo, maana mnajua hata nikilala saa ngapi. Waya wa Sh 15,000 nao mlipe, risiti nimeambatanisha. Kijana yule aniombe radhi kwa maandishi, na barua hiyo ibandikwe pale pale dukani kwenye ubao, iangalie watu kama kilivyowaangalia kioo. Sitaki afukuzwe, ana umri wa mwanangu wa mwisho. Nataka aandike kwa mkono wake. Na lile bango, ama mwandike GB 300 kwa herufi sawa na zile za BILA KIKOMO, ama mlishushe.

Utaratibu wa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, unataka mteja aanze kwa mtoa huduma wake kabla ya kwenda kwao. Nimeanza. Nawapa siku 14 kuanzia siku mtakayosaini kupokea barua hii, na nimemtuma mtu aje na daftari ili msaini kweli. Mkikaa kimya, ya 15 nitakuwa TCRA. Na kama mtanipigia simu kuniambia nizime ruta na kuiwasha, basi sitangoja hizo 14.

Ruta yenu iko salama, nimeifunika kitambaa. Mkitaka kuja kuichukua karibuni, ila mje na hela yangu.

Wenu katika huduma, kwa sasa,

Mwenye steshenari,
Tabata Kimanga.

Nakala (zimeshaprintiwa, hazijatumwa bado):
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania
Tume ya Ushindani
Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi
Mama wa benchi la pili