Mwanangu, Feliki usimpe kitu

Marahaba mwanangu. Meseji yako ya juzi nimeisoma mara nne, ile ya kwanza nilikuwa nachoma maandazi ikabidi niipue karai kwanza maana mikono ilikuwa inatetemeka. Hapo uliposema "mama nimechoka, si wanataka laki tatu tu, natoa yaishe" ndo pamenikosesha usingizi, yaani kazini wakusingizie wizi wa stoo halafu uwape hongo ili yaishe. Ningekupigia lakini nakujua, ukisikia sauti yangu utasema sawa mama, sawa mama, halafu unakata unaenda kufanya lile lile ulilopanga. Kwa hiyo nimekaa naandika, na ikiwa ndefu vumilia tu, soma kidogo kidogo.

Nataka tuongee habari ya Paulo alivyofungwa pale Kaisaria chini ya Feliki, liwali wa Kirumi, Matendo ya Mitume kuanzia ile sura ya 21 mpaka 26. Usicheke. Najua ulipokuwa Sunday school mlifundishwa Paulo wa njia ya Dameski na Paulo wa gerezani na Sila milango ikafunguka, ile ya tetemeko kila mtu anaipenda. Hii ya Kaisaria hawafundishi watoto kwa sababu hakuna tetemeko, milango haifunguki, mtu anakaa ndani miaka miwili anasubiri faili lake. Sasa hapo si ndo ulipo wewe?

Angalia kesi ilivyoanza. Walimwona mjini Yerusalemu na Trofimo, yule Mwefeso asiye Myahudi, wakadhani amemwingiza hekaluni. Neno lililoandikwa ni hilo, wakadhani, hakuna aliyemwona akiingia naye. Na jambo lenyewe halikuwa dogo, mwaka jana kwenye semina ya akina mama mchungaji alitueleza kwamba mwaka 1871 lilichimbuliwa huko Yerusalemu jiwe la onyo lililokuwa kwenye ule ukuta wa ndani wa hekalu, limeandikwa Kigiriki kwamba mgeni akivuka hapo basi kifo chake kajitakia mwenyewe. Kwa hiyo kumsingizia mtu hilo ni kumtafutia kifo kabisa. Nikakukumbuka wewe na stoo yenu, kwa sababu ufunguo ulikuwa nao basi wakadhani, na waliosema wamekuona siku ya kikao hawakutokea. Kwa Paulo ilikuwa hivyo hivyo, wale Wayahudi wa Asia walioanzisha kelele hawakuja mahakamani, naye mbele ya liwali akalisema wazi, hao ndo walipaswa kuwa hapa washitaki kama wana neno.

Kuna kitu kwenye sura ya 23 ambacho wahubiri wengi wanakiruka na mimi nakipenda sana, ile barua ya Klaudio Lisia. Huyu ndo jemadari aliyemkamata Paulo, akamfunga minyororo miwili, akaamuru apigwe mijeledi ili aseme, na pale wameshamfunga kamba ndo Paulo anamuuliza akida, je, ni halali kumpiga Mrumi asiyehukumiwa? Jamaa akaogopa. Sasa soma alivyomwandikia bosi wake Feliki, anasema mtu huyu alikamatwa na Wayahudi nikaenda na askari nikamwokoa nilipojua kuwa ni Mrumi. Hee! Ya kamba na mijeledi hakuna, amejigeuza shujaa. Mwanangu hata ile ripoti yenu ya ndani waliyokusomea imeandikwa na mtu aliyekuwa anajilinda mwenyewe kwanza, usiisome ukadhani ni sauti ya Mungu imekuhukumu. Ukisoma utaona zaidi anachokiogopa mwandishi.

Na sitaki ufikiri Paulo alikuwa kama sanamu, hachukii hatishiki. Alipopigwa kofi la mdomo mbele ya baraza alimwambia kuhani mkuu Anania "Mungu atakupiga wewe, ukuta uliopakwa chokaa". Hilo ni tusi kabisa. Halafu alipoambiwa huyo ni kuhani mkuu akarudi nyuma akasema ndugu zangu sikujua. Kwa hiyo yale uliyomjibu msimamizi wako mbele ya watu, kaombe radhi kwa maneno uliyotumia, kesi yenyewe usiiombee radhi maana hujaiba.

Tena hakukaa tu akisema Mungu atanipigania. Watu zaidi ya 40 walikula kiapo hawali wala hawanywi mpaka wamuue, mtoto wa dada yake akasikia, akaingia ngomeni akamwambia, na Paulo hakusema tuombe kwanza, alimwita akida mmoja akamwambia mpeleke kijana huyu kwa jemadari. Usiku ule ule saa tatu wakamtoa, askari 200, wapanda farasi 70, wenye mikuki 200, mpaka Antipatri, kesho yake wale wa farasi wakafika naye Kaisaria. Mpwa kasema, mjomba kasikiliza, serikali imetumika. Ndo maana nimeongea na mtoto wa baba yako mkubwa, yule aliyesomea sheria, kaniambia wadai wakupe tuhuma kwa maandishi na majibu yako uyaandike ubaki na kopi, na wakikuachisha kazi hesabu siku 30 usizipitishe, unafungua shauri CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Usione aibu kumpigia, anasubiri simu yako.

Haya, sasa tuje kwa Feliki.

Feliki alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, kaka yake Pallas alikuwa mtu mkubwa kwa Kaisari Klaudio, yaani kwa lugha yetu alikuwa na mtu juu. Mwanahistoria wao wenyewe Warumi, Tacitus, aliandika kwamba Feliki alitumia mamlaka ya mfalme kwa roho ya mtumwa. Mke aliyekaa naye pale, Drusila, alimtoa kwa mume wake aliyekuwa mfalme. Mbele ya mtu wa namna hiyo Wayahudi wakaleta wakili, Tertulo, na Tertulo kazi yake anaijua, akaanza kwa kumpaka mafuta, kwa ajili yako tunapata amani nyingi, tunakushukuru sana, wakati nchi nzima inajua amani yenyewe ikoje. Paulo alipopewa nafasi alisema tu najua umekuwa mwamuzi wa taifa hili miaka mingi kwa hiyo najitetea kwa moyo. Basi. Kamheshimu na wala hajamdanganya. Mimi hapo huwa nasimama kidogo, maana sisi kwetu ukienda ofisini kwa mkubwa lazima uanze na Tertulo.

Feliki akasema nitaamua Lisia jemadari akija. Nenda kasome mpaka mwisho wa kitabu, Lisia haji! Hakuna mahali pameandikwa Lisia alifika. Ni ile ya njoo wiki ijayo, bosi amesafiri, faili liko kwa mwenzangu. Halafu kakaa na mkewe wakamwita Paulo wamsikilize, naye akaongea habari ya haki, na kuwa na kiasi, na hukumu inayokuja, kwa mtu kama yule na mke wa namna ile amekaa pembeni! Feliki akaingiwa na hofu, akamwambia enenda zako nikipata nafasi nitakuita. Na mstari unaofuata ndo sababu ya barua yote hii, inasemekana alitumaini kwamba Paulo atampa fedha, ndo maana alikuwa anamwita mara nyingi na kuongea naye. Mara nyingi mwanangu. Chai, mazungumzo mazuri, habari za dini, na mkono uko chini ya meza unasubiri. Na Paulo alikuwa ametoka kusema mwenyewe kwamba alileta sadaka kwa taifa lake, kwa hiyo Feliki alishasikia harufu ya hela, na marafiki wa kuchanga walikuwepo. Ilikuwa kuomba tu watu wachange. Miaka miwili hakuomba.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata marehemu baba yako hakulijua maana lilikuja baada yake. Kile kiwanja tunachokaa, hati yake, mimi nililipia. Sisemi ada, ada ilikuwa na risiti yake. Nilizungushwa mwaka mzima na miezi, nenda rudi, nauli, nimefunga biashara, nyie wadogo nimewaacha kwa jirani, mpaka siku moja yule bwana akaniambia kwa upole kabisa, mama na wewe jiongeze. Nikauza cherehani nikajiongeza. Hati ikatoka siku tatu. Nikasema Mungu ni mwema, nikatoa na ushuhuda kanisani, Mungu anisamehe, nikasema Bwana amefungua mlango.

Halafu yule bwana akahamia usharika wetu. Kila Jumapili akiniona ananisalimia kwa tabasamu moja hivi, la watu wawili wanaojuana. Hana ubaya, tena ni mkarimu, ulipofaulu form four alikuja kukupa hongera unakumbuka? Lakini lile tabasamu limenikaa moyoni miaka yote hii. Alipotaka mjane mwingine asainishwe karatasi ambayo si sawa, mimi nilikuwa kwenye kamati na nilijua, nikanyamaza. Ningeanzia wapi? Angesema hata wewe mama. Laki tatu yako ndo inanunua hicho mwanangu, hainunui uhuru, inanunua mtu wa kukutabasamia.

Nasema haya si kwa kukuhukumu, nilishika lile karai la maandazi nikasema huyu mtoto kanifuata mimi.

Kina mama kwenye fellowship tulibishana sana ile ya Festo. Feliki kaondoka, kamwacha Paulo ndani ili awapendeze Wayahudi, anakuja Festo, liwali mpya, ilikuwa karibu na mwaka 60. Huyu mimi simchukii, ni mtu wa haraka, siku tatu tu tangu aingie nchini tayari kapanda Yerusalemu kuonana na wakubwa, lakini naye anataka kujipendekeza, akamuuliza Paulo uko tayari tukakuhukumie Yerusalemu? Njiani kule ndo walipanga kumuua. Paulo akasema nasimama mbele ya kiti cha hukumu cha Kaisari, hapa ndo inipasapo kuhukumiwa, nataka rufani kwa Kaisari. Halafu anakuja mfalme Agripa na dada yake Bernike kwa fahari nyingi, wanasikiliza, Festo anapiga kelele Paulo una wazimu kusoma kwingi kumekugeuza akili, na mwisho Agripa anasema huyu angeweza kufunguliwa kama asingetaka rufani kwa Kaisari. Mama mmoja pale akasema unaona, aliharakisha, angesubiri kidogo angetoka. Nikamwambia dada, angetoka aende wapi? Wale zaidi ya 40 walikuwa wanamngoja barabarani. Agripa anasema angefunguliwa wakati hana mamlaka ya kumfungua na Festo mwenye mamlaka hakumfungua, hayo ni maneno ya watu wakishainuka kwenye viti wanaenda kula.

Kwa hiyo wakikwambia tuyamalize kienyeji, saini hapa uache kazi kwa hiari tukuandikie barua nzuri, hapo ndo njia ya Yerusalemu. Omba wakuhukumu pale panapostahili. Inawezekana ukashindwa hata hapo, sikufichi, Paulo hakushinda hata kesi moja kati ya hizi, aliondoka Kaisaria na vifungo vyake akapandishwa meli pamoja na wafungwa wengine. Ila kwa Agripa alisema kitu kinachonichekesha mpaka leo, natamani wote mnaonisikia mngekuwa kama mimi, isipokuwa vifungo hivi. Mtu ana pingu mkononi anawaonea huruma waliovaa taji.

Hela ya kodi ya chumba usiwaze, mwezi huu nimecheza kijumbe na zamu imeniangukia mimi, ntakutumia kesho kwa simu. Sikusimamii kwa maneno tu.

Na kingine, Feliki pamoja na ubaya wake alimwambia akida asimzuie rafiki yeyote wa Paulo kumhudumia. Kaisaria palepale alikuwa anakaa Filipo mwinjilisti na mabinti zake wanne, Paulo alishawahi kufikia kwao. Biblia haisemi walikuwa wanampelekea chakula lakini mimi kama mama nakwambia walipeleka, mabinti wanne ndani ya nyumba na mgeni wao yuko kifungoni, watakaaje? Basi nimempa kondakta wa basi la alfajiri mzigo, kuna unga, dagaa nimeshawakaanga, maharage na maandazi ya juzi yale niliyoyaipua yakiwa hayajaiva sawasawa, nimeyarudishia motoni. Basi linaingia stendi saa kumi na moja jioni. Nenda na kitambulisho, mwambie ni mzigo wa mama yako, usimpe chochote, nimeshalipa na risiti iko ndani ya unga.