Nilimwita wifi yangu mwizi mbele ya ukoo mzima. Nimsafisheje bila kumvua nguo marehemu baba?

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka 44, nakaa Mbagala. Nauza vitenge na mashuka, na wateja wangu wengi nawapata kwa WhatsApp. Nalitaja hili mapema kwa sababu namba nilizonazo kwenye simu zilikuwa nyingi kuliko akili niliyokuwa nayo usiku ule.

Baba yetu alifariki mwaka jana, tukamzika kwao Pangani. Michango ya hitima ya arobaini alikabidhiwa wifi yangu, mke wa mdogo wangu, anayeishi Tanga mjini. Hakuiomba kazi hiyo. Alipewa kwa kuwa ni mtu wa daftari: alikuwa kijumbe, yaani mshika hesabu, wa mchezo wa upatu wa wanawake 14 mtaani kwao kwa miaka sita, na sijawahi kusikia mtu analalamika kwamba zamu yake imechelewa.

Siku tatu baada ya arobaini akatuma hesabu kwenye kundi la ukoo, picha ya ukurasa wa daftari. Mchele, nyama, mafuta, kuni, turubai, nauli ya ustadhi. Nikakaa kitandani na kikokotoo cha simu. Tulichanga 1,940,000, orodha ya matumizi inafika 1,460,000. Pale chini palikuwa na mstari mmoja: "Mengineyo 480,000." Basi. Mengineyo!

Nikamuuliza palepale kundini, mengineyo ndiyo nini? Akajibu, "Wifi, nitakueleza tukionana." Ningekuwa mtu wa kusubiri, leo nisingekuandikia. Nikaandika mbele ya watu 38 kwamba mwenye hesabu safi haogopi kuulizwa, na hela ya maiti haijapata kumtajirisha mtu. Nikamtaja kwa jina. Kisha, kwa vile moto ulishakolea, nikaweka na stetasi: "Kuna watu pilau ya arobaini wanaila mara mbili, mara kwa mdomo, mara kwa mfuko."

Zamani ukitaka kumsema mtu ulinunua kanga yenye maneno, ukapita nayo mlangoni kwake, mkaelewana ninyi wawili na majirani. Ile stetasi yangu ilikaa saa 24, ikatazamwa na watu 211. Nilikuwa nakichungulia kile kijicho kila nikiamka kunywa maji, na Anti, nisikufiche, nilifurahi namba ikipanda.

Mmoja katika hao 211 akaipiga picha, akairusha Tanga pamoja na yale ya kundini. Wiki hiyohiyo wenzake wa mchezo wakamwambia apumzike kidogo na daftari. Hakuna aliyemwita mwizi. Wamesema tu apumzike. Ile asante ya kijumbe ya kila mzunguko ndiyo iliyokuwa ikitoa nauli ya shule ya watoto wake, ambao mimi ndiye shangazi yao.

Wifi hakujibu neno. Mdogo wangu akatoka kundini kimyakimya. Ukimya wao nikauhesabu kuwa wamekiri.

Mama alipomaliza eda, miezi minne na siku kumi, nikaenda Pangani. Jioni anachambua mchele kwenye ungo, mimi nikaanza tena wimbo wangu wa mengineyo. Hakuinua uso. Aliacha kuchambua, akaelekeza kidole juu. Nyumba ile haina dari, ukitazama juu unaona mabati.

"Mengineyo yako hayo hapo," akasema.

Kumbe baba alichukua mabati 20 kwa mkopo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akafa hajalipa. Siku ya mazishi ilipotangazwa, kama ilivyo desturi, kwamba anayemdai marehemu awaone wenyewe, mwenye duka alinyamaza. Baadaye akamtuma mkewe, maana mama alikuwa eda. Mama akamwita wifi, akamwambia alipe kutoka kwenye michango, deni la maiti lisilale, na akamwapisha asimwambie mtu yeyote, hasa sisi watoto.

Kwa nini hasa sisi? Hapa naandika haraka nisije nikafuta. Mwaka juzi nyumba ilipokuwa inavuja, baba alinipigia. Nikamwambia, "Baba, mabati niachie mimi, mwezi ujao natuma." Mwezi ule ukawa na mambo yake, na uliofuata nao hivyohivyo. Mzee akachoka kuhamisha kitanda, akaenda kukopa. Msikitini akawaambia wenzake mabati kaleta binti yake wa Dar. Nilipokwenda Idi, wazee walinipa mkono na kuniombea dua, nikawa naitikia amina. Mabati mapya niliyaona. Sikuuliza yametoka wapi, kwa sababu ukiuliza unaweza kujibiwa.

Anti, kufuta nimejaribu. Muda wa kuwafutia wote ulishapita, nikabaki najifutia mwenyewe. Wifi nimempigia nikalia kwenye simu, akaniambia, "Yameisha, wifi," akauliza hali ya watoto. Daftari la mchezo hajarudishiwa.

Ujumbe wa kuomba radhi nimeuandika mara sita. Wa kwanza ulianza, "Kama kuna niliyemkwaza." Kama! Wa pili ukasema "yale yaliyotokea," na binti yangu wa miaka 16, aliyekuwa anasoma nyuma ya bega langu, akaniuliza, "Yalitokea yenyewe, mama?" Huyu mwaka jana alimwandika vibaya mwenzake wa darasani, nikamshika mkono hadi kwao, akaomba radhi mbele ya baba na mama wa mtoto. Sikumruhusu aseme "kama."

Kaka yetu mkubwa anasema ya nyumbani yaishe nyumbani, nimpelekee wifi doti ya kitenge, tukumbatiane. Kwake ni rahisi. Nimemtukana mtu barazani, halafu radhi niipeleke chumbani? Mume wangu anasema niandike kila kitu, na deni nilitaje. Mama ameshasema nikimtaja baba na deni katika sentensi moja, radhi yake sina.

Nikafikiria njia ya kati: niandike kwamba hesabu ya wifi ilikuwa sahihi, mimi nilimsingizia, nisiseme zaidi. Nikamjaribu shoga yangu kwa maneno hayo, papo hapo akauliza, "Sasa laki nne na themanini zilikwenda wapi?" Wanawake wa mchezo watauliza hivyohivyo.

Mpwa wangu anayesoma sheria alinitisha na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 kwa anayechapisha uongo. Halafu akaongeza, "Lakini ni kwa anayejua kuwa ni uongo, kwa nia ya kuchafua au kupotosha." Nikashusha pumzi. Nimejidharau mpaka leo kwa kushusha pumzi ile.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki: kila nikisema namsitiri baba, sina hakika kama simsitiri binti wa Dar, yule aliyeombewa dua kwa mabati ambayo hakuyanunua. Nikisema deni tu, baba ataonekana mzee aliyekufa na madeni. Nikisema na ahadi yangu, mama atanilaani kwa kuianika nyumba yake. Nikinyamaza, wifi ndiye anayelipa, kama alivyolipa mara ya kwanza.

Naomba unisaidie, wewe na wasomaji wako. Niseme kiasi gani, na niseme wapi? Niende Tanga kwa wale wanawake 14 kwa miguu yangu, au nikienda nitakuwa nachokonoa kidonda? Na zile 480,000 nimeanza kuzirudisha kidogo kidogo kwenye akiba. Je, nimpe mama, au niwarudishie waliochanga, ambao wataniuliza za nini?

Nijibu mapema ukiweza. Juzi wamefungua kundi la michango ya harusi ya binamu yetu, na wamenipendekeza mimi niwe mweka hazina. Sijajibu.

Ni mimi,
Binti wa Pangani, Mbagala
(Naomba jina langu lisitoke)