Mdogo wangu, kabla hujalipa hiyo RX-8, tafuta fundi

Mdogo wangu,

Picha ulizonitumia nimezitazama zote, na ile uliyopiga ukiwa umekaa kwenye usukani nimeirudia mara nyingi. Najua moyo umeshaenda. Mazda RX-8 ya 2009, nyekundu, milango ya nyuma inafunguka kinyume, na mwenyewe anataka jibu kabla ya mwisho wa wiki. Naiandika barua hii hadharani kwa kuwa si wewe peke yako unayeniuliza, na yaliyonipata mimi mwaka 2018 sitaki yampate mwingine kwa kukosa mtu wa kumwambia mapema.

Umeniuliza bei, ulaji wa mafuta, bima. Fundi hukumtaja. Nami nakwambia anza na fundi, gari baadaye. Ukishamjua nani atalishika gari hilo, hapo ndipo uulize kama lafaa kununuliwa. Mimi nilianza na gari.

Langu lilikuwa la 2006, likashuka bandarini Mombasa 2013, wakati sheria ya kutoingiza nchini gari lililozidi miaka 8 bado ilikuwa inaliruhusu. Sasa mlango huo umefungwa: Mazda waliacha kuliunda 2012, kwa hiyo Kenya hakuna tena la kuagiza. Yaliyomo nchini ndiyo hayo hayo, yanapita mkono hadi mkono, na kila mkono ulikuwa na fundi wake. Unaponunua leo unanunua na kazi ya mafundi wote waliotangulia.

Lilianza kukohoa nikipanda daraja la Nyali. Nikalipeleka kwa fundi ambaye mtaa mzima unamsifu, na kwa Toyota anastahili kila sifa. Alifungua boneti, akasikiliza, akaifunga. Akamweleza mume wangu, ingawa maswali nilikuwa nayauliza mimi, kwamba valvu zimeungua na injini lazima ifunguliwe.

Injini ile haina valvu. Haina hata moja. Haina pistoni, haina kichwa cha silinda, haina mkanda wa taimingi. Sikujua, na yeye hakujua, na hakuna ubaya kutojua. Ubaya ni kutoa jibu. Basi hili liwe swali lako la kwanza popote utakapoingia: muulize fundi valvu za RX-8 hukaguliwa vipi. Atakayeanza kukueleza, mshukuru na uondoke.

Acha nikueleze kilichomo ndani, maana ukikielewa hata kwa juu juu hutadanganywa kirahisi. Chukua ganda la karanga lenye mbegu mbili, lipasue kwa urefu utazame umbo la ndani: pana huku, pana kule, limebana kidogo katikati. Ndilo umbo la chumba. Ndani yake inazunguka rota, pembetatu yenye pande zilizovimba, na kila ncha ya pembetatu ina kipande cha chuma chembamba chenye unene wa milimita 2 kinachosugua ukuta muda wote. Hizo mafundi wanaziita sili za ncha. Rota ziko mbili, kwa hiyo sili za ncha ni sita. Uhai wa injini nzima umekaa kwenye vipande hivyo na ukuta vinaougusa. Felix Wankel na kampuni ya NSU waliiwasha injini ya kwanza ya aina hii Ujerumani mwaka 1957; Mazda wakachukua leseni 1961, na Kenichi Yamamoto na wahandisi wake huko Hiroshima wakakesha miaka na tatizo hilo hilo la sili. Zilikuwa zinachora mistari ukutani, wakaiita kucha za shetani. Waliishinda, wakauza Cosmo Sport 1967, na mwaka 1991 gari lao la rota nne likashinda mbio za saa 24 za Le Mans. Kwa hiyo atakayekwambia injini hii ni dhaifu kwa asili, usimsikilize. Inataka uangalizi wa aina yake, basi.

Ugonjwa wa gari langu ulikuwa koili. Koili, vile vifaa vinavyopeleka umeme kwenye plagi, ziko nne, plagi nne, na moja ya koili ilikuwa imekufa. Petroli isiyoungua ilikuwa inatoka hivyo hivyo na kwenda kuungulia kwenye katalitiki ya ekzosi, kile kichujio cha kusafisha moshi, katalitiki ikayeyuka na kuziba, joto likakosa pa kutokea likarudi kwenye rota. Kubadilisha koili ni kazi ya asubuhi moja. Lakini gari lilikaa gereji ile wiki tatu, na kila kulipokucha kijana mmoja aliliwasha, akalisogeza hatua chache kupisha gari lingine, akalizima. Injini ya rota ukiiwasha ikiwa baridi na kuizima papo hapo, petroli inajaa ndani na kuosha oili iliyolainisha sili. Siku moja haikuwaka. Wakapiga stata mpaka betri ikaisha, wakaunga betri nyingine, wakaendelea. Hakuna aliyejua kwamba ukikanyaga mafuta hadi mwisho huku unapiga stata, kompyuta ya gari inakata petroli na chumba kinapata nafasi ya kukauka. Nilipoambiwa nije nilichukue, lilikuwa juu ya lori la kuvutia.

Fundi niliye naye sasa nilielekezwa na mtu ambaye gari lake lilifunguliwa injini miaka miwili kabla na bado alikuwa analiendesha kila siku. Shikilia hapo. Injini iliyofunguliwa mwezi uliopita haithibitishi kitu. Ikiwa mpya kila injini inaimba. Tafuta mwenye gari aliyemaliza miaka miwili na kazi ya fundi huyo, umwombe akupe lifti.

Nilipofika kwake hakugusa spana. Aliniuliza maswali kama daktari: linawaka vipi likiwa baridi, linawaka vipi likiwa moto, oili unaongeza kila baada ya muda gani, nani alilishika mara ya mwisho. Kisha akasema maneno ambayo sikuwahi kuyasikia gereji yoyote: “Bado sijui. Tupime kwanza.”

Alilipandisha kwenye stendi, akaingia chini upande wa abiria, nyuma ya gurudumu la mbele, maana plagi zote ziko huko. Akatoa moja ya rota ya mbele, akanambia nisogeze sikio. Kijana wake akapiga stata. Hewa ilitoka pale kwenye tundu kwa mpigo: puf, puf, puf, sawa sawa, kama mtu anayepuliza jiko la mkaa bila haraka. Akahamia rota ya nyuma. Puf moja yenye nguvu, halafu pumzi mbili hafifu. Puf, halafu mbili hafifu. Nilielewa kabla hajasema.

Halafu akafunga kifaa chake. Hiki ndicho cha kuulizia, mdogo wangu: kipimo cha kompresheni cha rota, yaani cha nguvu ya hewa inayobanwa chumbani, kinachosoma nyuso tatu za kila rota kando kando na kuonyesha stata imezunguka kwa kasi gani. Kipimo cha kawaida cha injini ya pistoni kinabaki na namba moja tu, ile ya uso wenye nguvu kuliko wote, na nyuso mbili mbovu zinajificha nyuma yake. Fundi asiye na kifaa cha rota anaweza walau kutoa kile kivalvu kidogo cha kipimo cha kawaida na kuitazama sindano ikirukaruka mara tatu. Itamwonyesha kama nyuso zinalingana, ila namba hatakuwa nayo. Kwa kununua gari, namba unaihitaji.

Aliziandika zote sita kwenye daftari na tarehe. Mazda wanataka kilopaskali 830 kwa injini mpya na si chini ya 680, stata ikizunguka mara 250 kwa dakika, na tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi 150. Nyuso zangu mbili za nyuma zilikuwa karibu nusu ya wenzake, na zilikuwa jirani. Zikishuka mbili jirani kwa pamoja, alinieleza, tazama ncha inayozitenganisha: sili yake ndiyo iliyokufa.

Sasa hapa pana jambo linalokuhusu wewe wa Nairobi, na karibu kila mtu analiruka. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Nairobi iko juu kama mita 1,700, na hewa yake ina mgandamizo pungufu wa huku Mombasa kwa asilimia 18 hivi. Injini nzima kabisa inayosoma 830 hapa Kilindini itasoma kama 680 huko kwenu, palepale kwenye mstari wa kufeli. Kuna injini nzuri zimehukumiwa kufa Nairobi kwa hesabu hiyo kutofanywa. Na kuna muuzaji atakayekwambia namba ni ndogo “kwa sababu ya mlima” huku anauza injini iliyochoka. Fundi wako aijue hesabu, aifanye mbele yako kwa kalamu. Ila uwiano wa uso na uso mwinuko hauubadilishi: rota moja ikiwa na uso mmoja juu na miwili chini, ni mbovu Nairobi na ni mbovu Lamu.

Likija suala la kufungua injini, taka mambo haya. Kuta za vyumba zitupiwe macho juani kabla sili mpya hazijaagizwa, kwa kuwa kuta zikiwa zimebanduka kromu, sili mpya ni hela ya bure. Fundi apime kwa mikromita, siyo kwa jicho. Vipande vya zamani upewe mkononi kwenye mfuko, na risiti ya spea iwe ya duka, siyo ya maneno. Watu wengi watakushauri njia ya mkato: injini eksi-Japani iliyokwisha kutumika. Huko Japani kwenyewe wauzaji wa magari ya rota hutangaza namba za kompresheni pamoja na bei. Kwa nini wewe uinunue imefungwa kwenye plastiki bila namba? Wengine watasema ng'oa uweke ya Toyota. Ni gari lako, lakini ulilolipenda litakuwa limeondoka.

Na turbo unayoiota, iache. Ile uliyoisema kwenye simu, ya kuifunga na kubadilisha programu ya kompyuta kwa mtu uliyekutana naye kwenye mbio. Injini ya RX-8 imetengenezwa ipumue bila turbo, inazunguka mpaka mara 9,000 kwa dakika kwenye gari la gia sita za mkono, hiyo ndiyo raha yake. Petroli ikilipuka kabla ya wakati mara chache tu chini ya turbo, sili zinavunjika. Fundi wa programu anayestahili kuaminiwa atakutaka kwanza ulete namba za kompresheni, na atakupa rekodi ya mchanganyiko wa hewa na petroli kabla na baada ya kazi. Aliyekuahidi nguvu za farasi 100 za ziada kabla hajaiona hata injini, umemsikia mwenyewe.

Jambo la mwisho ni oili, na hili nilijifunza kwa mvuvi kabla sijajifunza kwa fundi. Babu alikuwa anachanganya oili na petroli ya mashine ya boti kwa kipimo cha chupa, unakumbuka, na ole wake mtoto aliyekosea. Injini ya rota nayo inakunywa oili kwa makusudi: pampu inaidondosha chumbani ili ilainishe sili, kisha inaungua. Kwa hiyo fundi atakayekwambia “gari linakula oili, pistoni zimekwisha” amekwisha kujieleza. Wewe utakagua kijiti kila ukijaza petroli mara mbili, bila kukosa. Wengi wetu tunaongeza pia oili ya injini za mipigo miwili ndani ya tangi, mililita 4 au 5 kwa lita, kiasi kidogo sana ukilinganisha na cha boti. Mtindo wa 2009 ulishaboreshewa pampu hiyo, ni sababu mojawapo ya mimi kutokukataza kulinunua.

Maana sikukatazi. Langu lilifunguliwa, lina miaka kadhaa sasa, na ninapolivuta kutoka Mtwapa asubuhi na mapema, linavyopanda bila mtetemo mpaka king'ora cha kubadilisha gia kinalia, naelewa kabisa macho yako kwenye ile picha.

Fundi amekubali kupanda treni na mimi Jumamosi, kifaa chake mkobani. Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hatujafika, na wewe ukitangulia weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, tutarudi siku nyingine. Tutaliwasha baridi, tulizungushe nusu saa, tulizime tunywe chai, kisha dakika kumi baadaye tuliwashe tena likiwa moto, kwa sababu hapo ndipo injini iliyochoka inapokataa. Ndipo tupime. Fedha ziache benki.

Watoto wanakusalimu.

Dadako