Ada ya shule zetu za Kanisa ifuate mwezi giza

Ndugu Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba mwaka wa kumi na nne huu, naandika kwasababu hili jambo tunaliongea kila wiki kwenye jumuiya yetu alafu linaishia palepale kwenye mabenchi.

Mwezi wa nne binti yangu wa kidato cha pili alirudishwa nyumbani sababu ya ada. Shule ni ya Kanisa, ya bweni, jina silitaji maana sio hiyo peke yake. Alifika saa mbili usiku, sketi imejaa vumbi, begi mgongoni, ndoo yake ya kufulia mkononi, akanipa kikaratasi kabla hata hajaniamkia, kimeandikwa laki tatu na elfu themanini. Na mimi usiku huo nilikuwa na viroba kumi na moja vya dagaa ndani havijauzwa, mvua ilipiga siku nne mfululizo, na dagaa akishanyeshewa kwenye kichanja anabadilika rangi, wateja wanaopeleka Kongo hawamgusi kabisa, anaenda kuwa chakula cha kuku kwa bei ambayo hata nauli ya kumtoa kisiwani hairudi.

Mtu ambaye hajakaa ziwani labda haelewi hela yetu inavyokuja. Dagaa anavuliwa usiku kwa taa, na taa inamvuta kukiwa na giza, mwezi ukishakuwa mkubwa mitumbwi inalala ufukweni na watu wanashona nyavu, kwahiyo siku kadhaa kila mwezi hakuna anayeingiza kitu, sio mvuvi, sio sisi wachuuzi, sio mama anayeanika, sio kijana wa mkokoteni. Giza likirudi hela inarudi. Sasa ada ina awamu nne na kila awamu ina tarehe yake, tarehe iliyopangwa kama vile wazazi wote tunapokea mshahara benki. Awamu ya pili inaangukia kwenye masika, yani kipindi kibaya kuliko vyote kwa mtu anayeanika dagaa. Nimelipa shule hiyo kwa miaka, sijawahi kumaliza mwaka na deni, ila kila mwaka mwezi wa nne naonekana mdaiwa sugu.

Asubuhi yake nilipanda gari na mtoto tukarudi wote. Nilikuwa na hasira kwakweli. Sista mhasibu akanikaribisha ofisini, hakubishana na mimi, akafungua daftari lake akaligeuza upande wangu nisome mwenyewe. Deni la mchele, deni la maharage, deni la kuni, dizeli ya lile gari bovu. Walimu wawili wa sayansi wameondoka katikati ya muhula wamepata ajira serikalini, na huwezi kuwalaumu, kule kuna uhakika. Darasa la mwanangu lilianza na watoto 45 sasa wako 31, lakini mwalimu wa hesabu ni yuleyule mmoja anataka mshahara uleule, mpishi yuleyule, mlinzi yuleyule, umeme uleule. Kwahiyo wakiondoka kumi na wanne mzigo wao unahamia kwa waliobaki, ada inapanda, ikipanda wanaondoka wengine tena. Nilikaa pale nikaona hasira inaisha, inabaki hofu.

Haya hayakuanza jana. 2020 shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa ajili ya corona, madarasa mengi yakafunguliwa tarehe 29 Juni, miezi ile mzazi hakulipa lakini mwalimu alitakiwa kula. 2022 petroli ikavuka shilingi 3,000 kwa lita na kila kitu kinachosafirishwa kikapanda nayo, na huku kwetu karibu kila kitu kinasafirishwa. Baadae ikaja shida ya dola. Katikati ya yote hayo serikali imefuta ada kwenye shule zake mpaka kidato cha nne tangu 2016 na cha tano na sita tangu 2022, jambo jema sana, watoto wawili wa dada yangu wanasoma kwa hilo. Ila maana yake ni kwamba shule ya Kanisa sasa inabeba gharama zake zote kwenye mgongo wa mzazi, na mzazi mwenyewe ndio huyu wa viroba vilivyonyeshewa.

Nilisikia redioni habari za Lebanoni, kule shule za Kikatoliki ni nyingi na wanasoma humo hata watoto Waislamu. Pesa yao ilikuwa lira 1,507 kwa dola moja tangu 1997, uchumi ukaanguka 2019, kufikia 2023 mtaani dola moja ilishavuka lira 90,000. Mshahara wa mwalimu ukawa hautoshi hata mafuta ya kumfikisha kazini, shule zikaanza kudai sehemu ya ada kwa dola, mwenye ndugu nje akalipa, asiye na ndugu akamhamisha mtoto. Sisi hatujafika huko, Mungu atuepushe. Lakini njia ni hiihii tunayoiona, shule inajiokoa kwa wenye hela alafu taratibu inakuwa ya wenye hela. Hizi shule wamisionari hawakuzileta kwa ajili ya hao. Walifundisha watoto wa wakulima na wavuvi, ndio maana hata serikali ilipozichukua kwa sheria ya 1969 watu walijua zina thamani gani.

Baba yangu mdogo alisoma seminari miaka ya themanini mwanzoni, wakati sabuni na sukari vilikuwa vya kupanga foleni. Seminari hazikuchukuliwa, zilibaki mikononi mwa Kanisa, na anasema walikula kwasababu walilima. Jembe lilikuwa kwenye orodha ya vifaa kama godoro. Alafu wazazi walileta walichonacho, huyu gunia la mihogo, yule mahindi, ikaandikwa.

Ndio ninachoomba na sioni kwanini kishindikane. Shule inanunua dagaa kila wiki, inanunua maharage, mahindi, mchele. Mimi nina dagaa. Yule mzazi wa Sengerema ana mahindi, wa Magu ana mpunga. Tupimiwe kwa bei ya soko ya siku hiyo, iandikwe kwenye ada, tupewe risiti. Na kwa hela taslimu turuhusiwe kulipa kidogokidogo kwa simu giza likiingia, elfu hamsini, elfu thelathini, mradi mwaka ukiisha hesabu imefungwa. Na lile daftari alilonionyesha Sista lisomwe kwenye kikao cha wazazi, mbele ya wote, deni kwa deni, maana wazazi wengi wanaamini Kanisa lina hela za wazungu zimefichwa mahali na kwa imani hiyo wanachelewesha makusudi. Mimi mwenyewe niliamini hivyo mpaka siku ile.

Wapo pia wanaoweza na hawalipi. Tunawajua, kwenye kamati ya harusi mtu anachanga laki tano wiki hiyohiyo ambayo mtoto wake kakaa nje ya geti. Hao waitwe na paroko, aongee nao kama wakubwa. Ila asiitwe mtoto. Binti yangu alikosa mitihani miwili ya katikati ya muhula, na tangu siku ile akiniona nahesabu hela jioni anatoka nje ananiuliza kwa mbali, mama mwezi umefikia wapi.

Laki tatu na themanini nilimaliza kuilipa tarehe 9 mwezi wa tano, giza la kwanza baada ya mvua. Naomba maaskofu wetu na wakuu wa shule za Kanda ya Ziwa wakae na kalenda mbili mezani, ya muhula na ya ziwa, kabla ada ya mwakani haijapangwa.

Mama wa watoto watatu,
Kirumba, Mwanza