Lebo ya onyo haitatuambia ukweli wa Hola

Mhariri, salaam sana.

Hii mambo ya kubandika lebo za onyo kwa nyaraka za serikali za zamani naomba niiseme. Marekani 2021 makavazi yao ya taifa yaliweka tahadhari ya lugha ya kuumiza kwa katalogi ya mtandaoni, yaani hata ukifungua Katiba yao wakati ule uliikuta pale juu, na haikukwambia ni mstari gani wala ni nani aliumizwa. Kweli Tangazo lao la Uhuru la 1776 linawaita wenyeji washenzi wasio na huruma, lakini msomaji ataliona mwenyewe na ni vizuri alione.

Mimi shida yangu iko huku kwetu Pwani. Chukua Hola, ile kambi ya kizuizini ya wakati wa mkoloni. Machi 3, 1959 askari wa kambi waliwapiga wafungwa wa Mau Mau waliokuwa wakilazimishwa kazi ya shamba, wakafa watu 11. Serikali ya mkoloni ikatoa taarifa, na taarifa yenyewe haina tusi hata moja, imeandikwa kwa adabu kabisa, eti watu wamekufa baada ya kunywa maji ya kwenye gari la maji. Basi. Mpaka maiti zilipopimwa ndio yakaonekana majeraha ya kipigo.

Sasa lebo ya lugha mbaya itaishika vipi karatasi kama hio? Mwanafunzi wa hapa Tudor anaitoa, anaiona safi, anaenda kuandika kwa projekti yake kuwa ni maji. Afadhali karani wa makavazi aandike chini ya rekodi: taarifa hii ilipatikana ni uongo, soma uchunguzi wa vifo, namba ya faili ni hii. Halafu aweke na namba za zile faili za makoloni Waingereza walizoficha Hanslope Park, jengo la serikali yao huko Uingereza, mpaka 2011, siku hizi ziko kwenye makavazi yao ya taifa huko Kew, London, kwa namba FCO 141. Wazee wetu wa Mau Mau zile karatasi ziliwasaidia kortini, na 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa watu 5,228. Ziliwasaidia vile zilivyo, na maneno yake yote.

Ni kazi kubwa kuliko lebo moja ya kila kitu, najua, lakini ndio kazi ya makavazi. Na wakimaliza Hola waingie faili za sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908, manake kuna watu wa Pwani mpaka leo wanaitwa maskwota kwa karatasi zilizoanzia hapo.

Msomaji wako,
Majengo, Mombasa